Waliotaka Koili Kubwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye bahasha kwa usalama wake. Mtaani anaitwa Mama Mashine.
Umri: Miaka 43
Kazi: Kuuza, kukodisha na kutengeneza mashine za kutafutia dhahabu
Makazi: Vyumba viwili nyuma ya duka lake, safu ya maduka ya mafundi
Tarehe: Jumatano tarehe 11, asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Koplo wa zamu, chumba cha pili

Mimi ndiye mwenye jina lililo kwenye bahasha. Koplo amenieleza kwamba haya nitakayosema yanaweza kusomwa mahakamani, na kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Nasema kwa hiari yangu. Nimeomba mlango ufungwe, na umefungwa.

Kazi yangu ni mashine za kutafutia dhahabu ardhini, zile ambazo watu wengi huziita detekta. Anayeweza kununua namuuzia, asiyeweza namkodishia, na asiyejua kuitumia nakwenda naye mwenyewe porini. Mume wangu ni dereva wa lori la safari ndefu na wiki hii hayupo. Ninayefanya naye kazi ni mdogo wake, shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Mimi napima, yeye anachimba.

Mnamo siku ya Jumatatu tarehe 9, asubuhi, nikiwa ndio kwanza nimefungua duka, waliingia wanaume wawili. Wa kwanza ni mtu wa miaka hamsini hivi, amevaa miwani yenye fremu nene nyeusi, shati safi amelichomekea, anaongea taratibu kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Wa pili ni kijana wa miaka thelathini, kifua kipana, amevaa mabuti ya mpira wakati nje ni jua na vumbi. Hawakutaja majina yao na mimi sikuuliza. Kichwani mwangu nikawaita Miwani na Mabuti, na ndivyo nitakavyowaita hapa.

Miwani alinisalimia vizuri akasema, "Mama, tunataka mashine na mtu wa kuiendesha. Kazi ya siku moja tu."

Niliwauliza ninavyowauliza wateja wote. Huko mnakokwenda udongo ni mwekundu au ni wa mchanga? Kuna mawe? Kuna mtu aliyewahi kuokota kitu hapo, na kilikuwa na ukubwa gani? Miwani alisema udongo ni mwekundu kidogo, mengine hajui.

Koplo ameniomba hapa nieleze koili ni nini. Koili ni lile duara lililo chini ya mkono wa mashine, linalopitishwa juu ya ardhi. Mashine ni ileile, ila koili zinabadilishwa, na ukikosea koili umepoteza siku. Nilimwekea zote tatu juu ya kaunta. Ndogo ina ukubwa wa sahani ya chai. Hiyo inaona hata chembe kama ya mchele, inapita katikati ya mawe, lakini haiendi chini sana. Ya kati ni kama sahani ya chakula, na ndiyo ninayompa mtu asiyejua anaanzia wapi. Kubwa ni kama sinia. Inachosha mkono, chembe ndogo inazipita bila habari, udongo wenye chuma unaipigia kelele, lakini inafika chini sana kuliko wenzake.

Nilimshauri Miwani achukue ya kati. Hakuigusa. Aliweka kiganja chake juu ya ile kubwa akauliza, "Hii inafika chini kiasi gani?"

Nikamjibu, "Inategemea kuna nini chini. Punje ya mahindi, hata urefu wa mkono haifiki. Kitu kikubwa itakisikia hata kikiwa kwenye kimo cha mtu."

"Na chuma inaona?"

Redio alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa chai. Alicheka mpaka akapaliwa. "Mzee, chuma ndiyo maradhi yetu! Kila mteja anatulilia tumpe mashine isiyoona misumari, wewe unaulizia inayoiona?"

Miwani naye alicheka. Mabuti hakucheka. Nilidhani ni wageni wa kazi hii, basi. Watu wengi huja wakitaka kikubwa kwa sababu ni kikubwa. Tukakubaliana Jumanne.

Jumanne tarehe 10 walitufuata dukani kwa pikapu ya kijivu. Namba za nyuma zilikuwa zimepakwa tope, na mvua haijanyesha hapa muda mrefu. Niliona, sikutia maanani. Tulipita kalavati lililovunjika, tukaenda mbele kidogo, tukasimama upande wa kushoto wa barabara, kule inakopanuliwa. Kuna vigingi vimepakwa rangi nyekundu kichwani vinavyoonyesha barabara mpya itapita wapi. Greda lilikuwa limeegeshwa mbali kidogo, halina mtu. Nyumba hakuna.

Nilipoangalia lile eneo nilimwambia Miwani kwamba kwa dhahabu tungeanzia bondeni, kwenye korongo, maji yalikopita zamani. Akasema, "Hapana. Hapa." Akaonyesha sehemu ya ukubwa kama nusu ya uwanja wa mpira, kati ya kichuguu na vile vigingi. Nikauliza nani aliyewaambia kuna kitu hapo. Akasema, "Mtu tu."

Nilifunga koili kubwa kama walivyotaka, nikaizoesha mashine udongo, nikavaa hedifoni masikioni, nikaanza kwenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja. Redio alinifuata na sururu na beleshi huku akiwahadithia wale watu habari za mteja wetu mmoja aliyechimba nusu siku akapata kijiko. Mabuti alimwambia anyamaze. Redio akasema sawa kaka, akahadithia nyingine.

Tulipata misumari, kipande cha waya, vifuniko vya soda. Kisha nikapata mlio mwembamba, safi. Nilimwonyesha Redio mahali. Mabuti akasema vitu vidogo tuviache, lakini Redio hawezi kuacha mlio, ameshazoea hivyo. Alichimba kidogo, akachota udongo kwa mkono, akausugua kwenye suruali. Ilikuwa dhahabu. Kipande cha ukubwa wa punje ya maharage, kizito, cha manjano kabisa.

Redio aliruka juu. "Shemeji! Shemeji, njoo uone mwenyewe!" Kisha akampelekea Miwani kwa mikono miwili, maana yeye ndiye aliyetukodi siku ile.

Miwani alikitazama kile kipande kama mtu aliyeonyeshwa kifungo kilichodondoka kwenye shati la mtu mwingine. Akasema, "Sawa. Weka mfukoni. Mama, endelea."

Afande, nimewaona watu wakionyeshwa dhahabu. Nimemwona mtu mzima akilia kamasi. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakikabana makoo kabla hata udongo haujafutwa. Sijamwona hata mmoja akisema sawa, weka mfukoni. Nilisimama na mashine mkononi, na vitu vyote vya tangu jana vikanijia kwa pamoja: koili kubwa, swali la chuma, tope kwenye namba za gari, na vile vigingi vyekundu. Greda likifika hapo litafukua kila kitu. Hawa watu hawakuwa wakitafuta dhahabu. Walikuwa na kitu chao chini, kikubwa, cha chuma, wamesahau kiko wapi hasa, na walitaka kukiwahi kabla ya barabara.

Nilimtazama shemeji yangu. Alikuwa anakibusu kile kipande, anacheka. Hakuwa ameona lolote.

Nimeulizwa kwa nini sikukimbia wakati ule. Gari lilikuwa lao, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mabuti. Mahali penyewe ni peupe, hakuna pa kujificha. Na ningekimbiaje nimwache Redio anacheka? Niliendelea kupima. Nilimwomba Mungu mashine isilie.

Ikalia. Mlio wa kipande cha dhahabu ni mfupi, kama kuku anapodonoa bati. Huu haukuwa hivyo. Ulianza mbali, ukapanda polepole, ukakaa, kisha ukashuka polepole. Nilirudi nikavuka kwa upande mwingine, ukafanya vilevile. Kitu chenyewe kilikuwa na urefu kama wa kitanda. Udongo chini ya kandambili zangu ulikuwa laini kuliko wa pembeni, na majani yake yalikuwa machanga. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia, kwa sababu hedifoni zilikuwa masikioni mwangu.

Nikamkumbuka Mizani. Huyu alikuwa mnunuzi wa dhahabu, akizunguka machimbo yote na mizani yake ya mfukoni, juu ya pikipiki ya bluu. Mtu mpole, akija dukani hakosi utani. Alipotea wakati wa mvua zilizopita. Watu walisema ametoroka na dhahabu ya watu, wengine wakasema ana mke mwingine mbali. Pikipiki haikuonekana tena, na pikipiki si sindano. Sikuwa na uhakika wa chochote, nasema tu kilichonijia kichwani nikiwa nimesimama juu ya ule mlio.

Redio akaniambia, "Shemeji, mbona umesimama? Umesikia kitu?"

Wale wawili wakageuka.

Nikasema, "Udongo tu. Una chuma kingi, koili hii kubwa inachanganyikiwa, inanipigia kelele kila mahali. Naweka ndogo."

Redio, Mungu ambariki, akasema kwa sauti ile yake, "Lakini shemeji, ndogo si haifiki chini? Wewe mwenyewe ndiye unayesema kila siku..."

"Nani mwenye mashine hapa?" nikamkatiza. "Mimi au wewe? Ulipofundishwa kazi hii ulivunja mpini wa sururu mara mbili, leo unanifundisha mimi? Kaka yako akirudi nitamwambia akutafutie mke, labda utapata wa kubishana naye."

Alicheka, akainua mikono. Mimi nilicheka pia. Sijui nilicheka vipi.

Nilichuchumaa kubadilisha koili, mgongo nimewapa. Mwisho wa waya wa koili kuna plagi, na ndani ya plagi kuna pini nyembamba. Nilipochomoa ile kubwa niliikunja pini moja kwa ukucha mpaka ikalala. Kisha nikafunga ndogo, nikapunguza nguvu ya mashine hadi karibu na mwisho. Nilipoinuka, Miwani alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Akasema, "Nipe nisikilize."

Nikamvalisha hedifoni mwenyewe. Akashika mkono wa mashine pamoja nami, tukapita palepale, juu kabisa, mimi nikitembea kinyumenyume. Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa yanatazama koili. Kama ingelia hata kidogo tu angeijua. Haikulia. Alivua hedifoni akanirudishia, akasema, "Rudisha ile kubwa."

Nikairudisha. Mashine ikawa kimya kabisa, haina hata mvumo. Nikamwonyesha plagi. "Pini imelala, mzee. Hii mpaka fundi, na fundi ni mimi, na vifaa viko dukani. Nina nyingine kama hii stoo. Twendeni wote tukaichukue, tutarudi."

Miwani alifikiri. Akasema, "Utakwenda na huyu. Shemeji yako atabaki, atanisaidia kuchimba-chimba." Kisha akaniomba simu yangu, kwamba yake imeisha chaji. Nilimpa. Hakupiga popote. Akaiweka mfukoni mwa shati.

Redio akasema, "Shemeji, ukirudi niletee chapati."

Mabuti aliendesha mpaka tukafika kwenye kalavati. Hapo akauliza, "Una watoto, mama?"

"Wawili."

"Wanasoma?"

"Wanasoma."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuendesha. Hakuuliza shule gani.

Tulipofika dukani aliegesha mbele ya mlango, injini inawaka, akashuka akasimama mlangoni. "Dakika mbili," akasema. Niliingia stoo, iliyo nyuma, na ndani humo asingeweza kuniona. Stoo ina dirisha dogo linalotazama uani kwa jirani yangu, fundi cherehani, mama mtu mzima ambaye mimi humwita dada. Alikuwa anapiga pasi. Nilimwita kwa kunong'ona. Alikuja na nguo mkononi.

Nikamwambia, "Dada, nenda polisi sasa hivi. Wanaume wawili, pikapu ya kijivu, mbele ya kalavati lililovunjika, kwenye vigingi vya barabara. Wanafukua kitu, nadhani ni pikipiki ya Mizani. Mmoja yuko hapo mlangoni kwangu. Redio yuko kule na mwingine."

Alinishika mkono kupitia dirishani. "Usirudi huko. Pita hapa. Nitakuvuta."

Dirisha lile lingenitosha. Nilijua lingenitosha, kwa sababu niliwahi kulipita nilipopoteza ufunguo. Nilimwambia, "Wakiona sirudi watamfanya nini Redio?" Akaniachia mkono. Nikachukua koili, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikapanda tena lile gari. Hayo ndiyo niliyofanya. Nimeulizwa kama nililazimishwa kupanda. Sikulazimishwa.

Tuliporudi, Redio alikuwa amechimba mashimo matano hovyohovyo na amechoka. Aliuliza chapati iko wapi. Nilifunga koili, nikaanzia upande wa mbali kabisa, karibu na kichuguu, polepole, kila hatua narudia mara mbili. Nilisema naizoesha udongo upya. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Nilikuwa natazama barabara bila kugeuza shingo. Hapakuwa na kitu barabarani.

Miwani alikuwa amekaa juu ya tairi la pikapu. Baada ya muda akainuka, akaja taratibu akitazama chini. Akasema, "Mama, nyayo zako zinazunguka hapa."

Nikatazama. Kweli. Tangu asubuhi nilikuwa nimepita kila mahali, lakini tangu turudi kutoka dukani sikukanyaga tena pale. Kandambili zangu zilikuwa zimechora duara jipya kuzunguka pale penye mlio. Sikujua kwamba nakwepa. Miguu ilikwepa yenyewe.

Hakunipiga wala hakunitukana. Alichukua mashine, akavaa hedifoni, akapitisha koili kubwa palepale, na nikamwona akiusikia ule mlio. Alifumba macho kidogo. Kisha akamwambia Mabuti na Redio, "Chimbeni."

Mabuti alichukua beleshi jingine kwenye pikapu. Udongo ulikuwa laini, walishuka haraka. Redio alikuwa na furaha, alidhani ni sanduku la mali. Nilijaribu kumpa ishara kwa macho. Akanijibu kwa kunikonyeza. Walipofika kifuani, beleshi lake liligonga kitu, likatoa sauti ya bati. Aliinama, akafuta kwa kiganja. Rangi ilikuwa ya bluu.

Moyoni nilikuwa nasema nyamaza, nyamaza, shemeji nyamaza. Akainua uso, akanitazama mimi, akasema, "Shemeji, hii si pikipiki ya Mizani?"

Mabuti alimpiga kwa mpini wa beleshi. Pigo la kwanza lilimpata begani na nilisikia mfupa. La pili lilimpata mgongoni akiwa ameshaanguka juu ya ile pikipiki. Nilipiga kelele, sikumbuki maneno gani.

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Akasema, "Na huyu pia."

Alikuwa ananisema mimi. Alilisema jambo hilo kama mtu anayehesabu mizigo ya kupakia. Mabuti alipanda kutoka shimoni na beleshi mkononi. Mashine ilikuwa chini karibu yangu, niliiokota, nikaielekeza mbele, koili ikiwa kati yangu na yeye. Najua ni plastiki. Sikuwa na kingine. Mkojo ulinitoka, nalisema hilo kwa sababu nguo zangu zilichukuliwa jana na nimeulizwa.

Nikasema, "Polisi wanajua. Nimemwambia mtu dukani."

Mabuti akasema, "Muongo. Nilikuwa mlangoni."

"Stoo ina dirisha. Linatazama uani kwa fundi cherehani. Nimemwambia gari, nimemwambia mahali, nimemwambia na jina la Mizani. Niue, lakini ameshafika."

Alisimama. Nilimwona anafikiria lile duka, anaitafuta ile stoo kichwani mwake. Akageuka kumtazama Miwani, na nikaona kwamba na yeye anaogopa. Alikuwa kijana tu, jasho linamtiririka. Miwani akamwambia, "Maliza." Mabuti hakusogea.

Ndipo tuliposikia honi. Haikuwa gari la polisi. Nimeelezwa baadaye kwamba gari la kituo lilikuwa limetoka kwa safari nyingine, kwa hiyo fundi cherehani, baada ya kutoa taarifa kaunta, hakusubiri. Alikwenda kwa mafundi wa kuchomelea, akawapandisha kwenye lori lao la vyuma, na wengine wakaongezeka njiani. Yeye mwenyewe alikaa mbele na dereva. Aliposhuka bado alikuwa na futi ya kupimia shingoni na mkasi mkononi, anauliza kwa sauti, "Yuko wapi mdogo wangu? Yuko wapi?"

Mabuti alitupa beleshi akakimbilia barabarani. Mafundi walimkamata mtaroni, na ufunguo wa pikapu ulikutwa mfukoni mwake. Miwani alikimbilia korongoni. Walimfuata, hawakumpata. Namba za pikapu zilifutwa tope nami nikiwepo, na koplo anazo.

Redio tulimtoa shimoni wanne. Alikuwa anapumua. Mfupa wa bega umevunjika na mbavu mbili zimepasuka. Jana usiku hospitali walisema atapona. Alinishika gauni akaniuliza kama kile kipande cha dhahabu kimepotea. Hakikupotea, nimekikabidhi kwa koplo kama kielelezo.

Askari walipofika waliweka kamba na kuendelea kuchimba hadi jioni. Niliambiwa niketi kwenye lori. Walipoiinua pikipiki niliona watu wote walio pembeni ya shimo wakivua kofia, kwa hiyo nilijua bila kuambiwa. Sikwenda kutazama.

Nimeulizwa kama nitamtambua Miwani nikimwona. Nitamtambua. Nitaitambua hata sauti yake gizani. Simu yangu bado anayo. Ndani yake kuna picha za watoto wangu wamevaa sare, jina la shule limeandikwa kifuani, na namba ya mume wangu. Watoto wako kwa dada yangu fundi cherehani, na mafundi wawili wamelala mlangoni kwake. Mimi sikulala. Kila gari likipunguza mwendo nje nilikuwa nashuka kitandani na kukaa sakafuni. Naomba hili liandikwe: sitaki kurudi dukani mpaka huyo mtu akamatwe, na naomba askari apite pale shuleni.

Jambo la mwisho. Mke wa Mizani yuko hapo nje kwenye benchi. Ameitwa kuja kutambua vitu, lakini naona hajaambiwa vitu gani. Nilipoingia alinisalimia, akaniuliza kama na mimi nimeibiwa, maana alisikia jana kulikuwa na fujo za wezi kule barabarani. Nikamwambia ndiyo, kitu kama hicho. Akanipisha nikae karibu yake. Alinishika goti, akasema pole sana, usiogope, hawa askari ni watu wazuri. Miezi yote hii watu wanamwambia mumewe ametoroka, na yeye amekuwa akijibu kwamba Mizani hawezi kulala nje bila kumuaga. Sasa inabidi nitoke kwenye mlango huu na nipite mbele yake.

Niliyoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa yote polepole kwa Kiswahili na nimeyakubali kuwa ya kweli. Natia saini mwenyewe.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Nyongeza ya mwandishi wa maelezo: Mimi koplo wa zamu nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Shahidi alisimama mara mbili kutoka na mara mbili akaketi. Ameomba mke wa marehemu aitwe humu ndani, apewe taarifa yeye shahidi akiwa karibu. Utaratibu hauzungumzii jambo hilo. Nimemwomba mkuu wa kituo, amekubali. Nimeleta kiti cha tatu, kisha nimekwenda kumwita.

Saini ya koplo: (imetiwa)